Kaunta ya Maktaba: Chuoni inafunguka, nyumbani wanataka dola

Karibuni tena kaunta. Mwezi huu barua nyingi ni za watu wa tasnifu, najua, tarehe zimekaribia na sapavaiza hapokei simu. Nimechukua nne.

*Shikamoo mkutubi. Nasoma masters, nimerudi nyumbani Sumbawanga kuandika tasnifu maana kodi ya chumba mjini imenishinda. Nikiwa chuoni makala za majarida nilikuwa nafungua tu bila kuulizwa kitu, huku kila nikigusa naambiwa nilipe karibu dola 40 kwa makala moja. Chuo kimeacha kulipia au? Na nikilipa kwa simu itakubali?*
– Wa Sumbawanga

Marahaba mwanangu, na hiyo hela irudishe mfukoni kwanza kabla hatujaongea.

Chuo hakijaacha kulipia. Ni kwamba wenye majarida hawakujui wewe kwa jina, wanachojua ni anwani ya IP, yaani ile namba ambayo mtandao wa chuo unaonekana nayo huko nje. Ukiwa kwenye waifai ya chuo unaonekana mtu wa ndani, ukiwasha bando lako unaonekana mpita njia kama wengine. Ni kama mlinzi wa getini anayeangalia stika kwenye kioo cha gari, akiiona anainua chuma hata kama ndani umepakia mbuzi, asipoiona utashuka ujieleze hata uwe profesa.

Sasa maktaba nyingi za vyuo zina njia ya kukuazima hiyo stika ukiwa mbali, inaitwa proksi. Usianzie Google. Anzia ukurasa wa maktaba ya chuo chako, tafuta sehemu ya watumiaji walio nje ya kampasi, ulogini kwa namba yako ya usajili, alafu ufungue jarida kutokea hapohapo. Utajuaje imekubali? Angalia juu kwenye anwani, mara nyingi utaona jina la chuo limejibanza katikati ya anwani ya jarida. Likipotea ujue umetoka nje ya geti. Na hapo ndo wengi wanapopotelea, kuna binti alinionyesha simu yake hapa kaunta analalamika proksi mbovu, nikakuta kwenye brauza tabu, yaani kurasa, 31 ziko wazi, ile ya kwanza ndo kalogini vizuri kabisa, zingine 30 kazifungua upya Google na zote zinamdai hela.

Ukurasa wa maktaba ya chuo chako hauna hiyo sehemu? Mwandikie mkutubi wako umuulize kuhusu Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Ndani yake kuna HINARI ya mambo ya afya iliyoanza 2002, AGORA ya kilimo ya 2003, na GOALI ya sheria iliyokuja 2018. Tanzania tuko kundi la nchi ambazo taasisi zake zinaingia bure, ila inayosajiliwa ni taasisi, siyo mtu mmojammoja, kwa hiyo lazima umuone mkutubi kuhusu nywila. Na tafadhali usiimwage kwenye grupu la WhatsApp. Mtu mmoja akiwasha programu ya kudaunlodi mamia ya makala usiku kucha, mwenye jarida anafunga chuo kizima, asubuhi foleni yote inakuja kwangu.

Ikishindikana yote, nenda Google Scholar, chini ya kichwa cha makala pana sehemu ya matoleo yote, ibonyeze, mara nyingi kuna nakala ya bure ambayo mwandishi mwenyewe kaiweka kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo chake. JSTOR nayo, maktaba ya mtandaoni ya majarida, ukifungua akaunti yako binafsi ya bure unasoma makala mpaka 100 kwa mwezi, kusoma mtandaoni lakini, siyo kudaunlodi. Au mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu umuombe. Wengi wanatuma, tena kwa furaha, maana zile dola 40 hata senti haziendi kwake.

*Katalogi ya kompyuta inasema kitabu kipo, naenda rafuni hakipo. Hii ni mara ya nne. Mnatudanganya?*
– Kiswahili mwaka wa pili

Hatudanganyi, ila kompyuta inajua tu kwamba kitabu hakijaazimwa, haijui kama kuna mwenzako kakificha nyuma ya kamusi ili akisome peke yake mpaka mtihani uishe. Mnafichiana, tunawajua!

Ila kwa vile uko Kiswahili nina wasiwasi na kingine. Fasihi ya Kiswahili kwenye maktaba zinazofuata mpangilio wa Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani, inakaa PL 8704, baada ya hapo inakuja herufi na namba, mfano .K45 na .K5. Wanafunzi wanaanza kutafuta .K5 wanasema tano ni ndogo kuliko arobaini na tano, kumbe hizo ni desimali, kwa hiyo .K45 ndo inatangulia, .K5 inafuata baada yake. Rudi kaangalie upande wa kulia, hata rafu nzima mbele. Usipokiona njoo kaunta na ile namba yote, siyo "kile cha jalada jekundu". Na ukimaliza kusoma kiache mezani, ukikirudisha mwenyewe sehemu siyo ndo tunaanza upya.

*Begi langu liliibiwa stendi likiwa na kitabu cha maktaba. Namaliza mwaka huu, naogopa kliaransi, ile ya kuthibitisha sidaiwi kitu.*
– Mwenye hofu, Morogoro

Pole sana mdogo wangu. Nenda karipoti leo, siyo siku ya kliaransi, maana faini ya kuchelewesha inaendelea kuhesabu kila siku mpaka useme kimepotea. Chukua ripoti ya polisi uende nayo. Uliza pia kama unaweza kununua nakala nyingine badala ya kulipa, maktaba nyingi zinakubali ila liwe toleo lilelile au jipya zaidi, usilete fotokopi.

*Bila kuudhi, hivi nyie mnafanya kazi gani siku nzima? Kila nikija mnatuambia tunyamaze tu, na saivi kila kitu kiko mtandaoni.*
– Mwaka wa kwanza, Dodoma

Hujaudhi, hata mama mkwe wangu ananiuliza. Leo nimeanza na vitabu vilivyoachwa mezani jana usiku, toroli tatu, vyote vinaskaniwa kimoja kimoja kabla ya kurudi rafuni. Alafu nikakaa na ankara. Hayo ya mtandaoni unayosema yanalipiwa kwa dola, mengi mwaka hadi mwaka, vyuo vya hapa vinaungana chini ya COTUL ili bei ipungue, Kenya nao wana KLISC yao, na shilingi ikiteleza kidogo inabidi tukae tuchague jarida gani libaki na lipi liondoke, na kila idara inasema la kwake lisiguswe. Mchana nimefundisha kundi la watu 60 jinsi ya kutafuta makala, waliokuja na kalamu walikuwa 9. Saa kumi mtu kaniletea flashi yenye virusi.

Na kunyamaza mnyamaze.