Usinunue gokati, jifunze breki kwanza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana wa Wete, Pemba. Baada ya salamu za heshima, aliniambia ameona picha yangu nimeshika kikombe na kwamba yeye tangu yuko skuli anaota mbio za magari. Sasa ameona gokati, kile kigari kidogo cha mbio, iliyotumika inauzwa mtandaoni, pesa keshazikusanya, anataka nimwambie tu kama bei inafaa. Nilimjibu neno moja: usinunue. Jibu refu naliweka hapa, kwa sababu kila nikituma picha za mbio wananiandikia vijana wa Unguja na Pemba wenye kiu hiyo hiyo.

Nianze na hicho kikombe, maana wengi mmeniuliza. Zilikuwa mbio za timu, za kupokezana usukani, usiku, Dubai. Nasafiri huko mara kwa mara kuchukua vitambaa vya duka letu la Darajani, na kila safari lazima nipate muda wa kiwanjani. Usiku ule nilipewa zamu ya mwisho. Nimekaa kwenye kiti tuko nafasi ya nne, mikono ya mwenzangu imeacha jasho kwenye usukani, na aliye mbele yetu namuona taa za nyuma tu. Sikumfukuza kwa pupa. Nilimtazama mizunguko kadhaa nikaona kwenye kona kali ya mwisho anachelewa kushika breki, anaingia na mwendo mkubwa, gari linamvuta nje, kisha anakanyaga mafuta wakati tayari ameshapoteza mwendo. Mimi nikawa nashika breki mapema kuliko yeye, nageuza, na natoka nikiwa nimeshakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kila mzunguko nikawa namkaribia kwenye njia iliyonyooka, hadi nikampita kwa ndani bila hata kumgusa. Tukamaliza wa tatu. Timu ilikuwa na wanaume watatu na mimi, na aliyepandisha nafasi ile ni mimi. Nalisema wazi kwa sababu kuna watu wanahitaji kulisikia.

Wanahitaji kulisikia kwa sababu nilipoanza, kiongozi wa timu moja aliniambia nitakuwa dereva wa akiba, nikae nje nipige picha. Hakuwahi hata kuniona nikiendesha. Na huku nyumbani, mtu mzima wa familia yetu alisema mbele ya wageni kwamba umri wa kuolewa umefika na bado nacheza na vigari vya watoto. Maneno yale yaliniuma na hadi leo yananiuma nikiyakumbuka, ingawa nampenda na namheshimu. Vigari vya watoto! Ayrton Senna, aliyekuja kuwa bingwa wa Formula 1, zile mbio kubwa za magari duniani, aliutafuta ubingwa wa dunia wa gokati akaukosa, akamaliza wa pili mwaka 1979 na tena 1980. Max Verstappen, bingwa mwingine wa Formula 1, aliuchukua mwaka 2013, kabla hajagusa Formula 1. Lewis Hamilton, naye bingwa, alianza na gokati akiwa na miaka minane. Huko ndiko wote walikopita.

Sasa kwa nini nakataza kununua. Gokati haina springi wala shokapu, na tumbo lake liko sentimita chache tu kutoka chini. Barabara zetu zina matuta, mchanga, mashimo na ng'ombe. Gokati haiendi hapo, na hata ikienda utaumiza mgongo wako au wa mtu mwingine. Inataka kiwanja chake chenye lami laini. Kisha kuna mipira ya magurudumu inayokwisha upesi, minyororo, breki, injini ya kufungua na kufunga. Gokati ya mashindano yenye injini ya Rotax ya cc 125 inataka fundi anayeijua. Ukiinunua ukaiweka Wete itakaa chini ya mwembe. Pesa hiyo hiyo inakutosha kukodi mara nyingi kwenye kiwanja cha kweli, ambako gari, helmeti na fundi vyote ni vyao. Dubai Kartdrome, pale Motor City, ina njia ya nje ya mita 1,200 na kona 17, na gokati za kukodi hutumia injini za Honda za kawaida, zisizo na makeke. Anza hapo au penginepo pa namna hiyo. Wengi wetu tuna shangazi au mjomba Dubai au Maskati, na safari ya kumjulia hali ndiyo safari ya kujifunza.

Na nije kwenye jambo ambalo hakuna aliyeniambia, nimeligundua mwenyewe kwa sababu nimekulia Mjini Unguja juu ya Vespa. Sisi watu wa visiwani wengi tunakuja kwenye gokati na mwili wa Vespa. Kwenye Vespa mguu wa kulia ndio wa breki. Kwenye gokati mguu wa kulia ni mafuta na wa kushoto ni breki. Ukishtuka kwenye kona mwili unarudi kwenye mazoea, unakanyaga kwa kulia ukidhani unasimama, kumbe ndiyo unaongeza mwendo kuelekea kwenye ukuta wa mipira pembeni mwa njia. Kwa hiyo kabla hujaondoka, kaa kwenye gari likiwa limezimwa, kanyaga kushoto, achia, kanyaga kulia, achia. Rudia mpaka mguu usikusubiri ufikiri. Na usikanyage vyote viwili pamoja: unachemsha breki na unaitesa injini.

La pili ni kulala. Kwenye Vespa unalala upande wa kona. Kwenye gokati usilale ndani hata kidogo, na sababu yake ni nzuri kuijua. Gari la kawaida lina difu, inayoruhusu gurudumu la ndani ya kona lizunguke polepole kuliko la nje. Gokati haina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye chuma kimoja, yanazunguka sawasawa. Kwenye kona lazima moja liburuzwe, isipokuwa gurudumu la nyuma la ndani linyanyuke kidogo. Usukani umeundwa hivyo: ukikata kona, upande wa ndani wa mbele unasukumwa chini, na gurudumu la nyuma la ndani linapanda. Wewe ukilala ndani unalikandamiza lirudi chini, gari linakuwa zito kama punda aliyegoma, na watu wanakupita. Kaa wima, bega la nje liegemee kiti.

Kitu kimoja tu cha Vespa uje nacho: macho. Anayepita Michenzani saa ya kutoka kazini hatazami gurudumu lake la mbele, anatazama mwanya unaofuata. Kwenye gokati ni hivyo hivyo. Ukiwa bado unashika breki, macho yawe yameshafika katikati ya kona. Ukifika katikati, yawe yameshatoka. Mikono inafuata macho.

Breki sasa. Breki zote za gokati za kukodi, kwa kawaida, ziko nyuma. Ukizishika huku unageuza, sehemu ya nyuma inateleza na unageukia ulikotoka. Shika breki ungali umenyooka, kwa nguvu, maliza, ndipo ugeuze. Mwanzo wa mbio mipira ni ya baridi na haishiki, kwa hiyo mizunguko ya kwanza usitake ushujaa. Ndiyo maana nasema breki kwanza. Mafuta kila mtu anajua kukanyaga.

Mavazi. Hapa nasema na dada zangu hasa, na nawaomba mnisikilize. Mtandio mrefu, buibui, dira, kitu chochote kinachoning'inia, hakiingii kwenye gokati. Nyuma yako kuna chuma kinachozunguka na mnyororo, na kitambaa kikinaswa hapo hakuna breki itakayokuokoa. Vaa hijabu ya michezo inayobana, au soksi ya kichwa inayovaliwa chini ya helmeti, na ovaroli juu yake. Stara yako iko palepale. Amna na Hamda Al Qubaisi, ndugu wa Imarati, walifika F1 Academy, mashindano ya madereva wanawake, mwaka 2023, na Reema Juffali wa Saudi Arabia alianza kushindana mwaka 2018. Wanatoka kwenye jamii zinazofunga Ramadhani kama sisi. Basi mzazi mwenye binti anayetaka mchezo huu, kabla hujamwambia aibu, muulize anajua nini, umuone akikueleza difu na breki. Mtoto anayejua anachokitaka hachezi. Tumewazoesha mabinti zetu kukaa pembeni wapige makofi, kisha tunashangaa hawana ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Ujasiri hauji siku ya harusi, ndugu zangu. Unajengwa kidogo kidogo, na mahali pa kuujengea ni huko huko tunakowakataza.

Vaa pia kinga ya mbavu, hata kama hukulazimishwa. Kiti ni kigumu na kona zinakubana upande mmoja. Siku ya pili utajua. Glavu vilevile.

Bendera zisome kabla ya kuingia. Ya njano ina maana kuna hatari mbele, punguza na usimpite mtu. Ya buluu, yuko mwenye kasi nyuma yako, mpishe. Nyekundu, mbio zimesimamishwa. Nyeusi, wewe mwenyewe unaitwa ndani. Wageni wa mchezo wanaona buluu wanakasirika na kumzibia mwenzao njia. Mpishe, kisha umfuate utazame anaposhikia breki. Hayo ni mafunzo ya bure.

Kijana wangu wa Wete aliuliza pia kama miaka 22 amechelewa. Kwa Formula 1, ndiyo, huko watoto huanza wangali wadogo na pesa yake ni ya kutisha, sitakudanganya. Kwa mbio za gokati zenyewe, hujachelewa kabisa. Kwenye mbio zetu wapo wenye wajukuu. Na wembamba wako usiutegemee, kwani mashindano mengi yana uzito wa chini unaotakiwa, na aliye mwepesi huongezewa vyuma ili wote walingane.

Panga safari kati ya Novemba na Machi, wakati jua la Dubai linavumilika. Ukienda miezi ya joto, kodi usiku na unywe maji tangu mchana. Ukishapata tarehe niandikie. Kama safari yangu ya vitambaa itaangukia hapo, tutakwenda kiwanjani pamoja, na mizunguko ya kwanza utanifuata nyuma.