Mlima na mtoto: lala karibu, panda bila mzigo

Safari nyingi za mlimani na mtoto huharibikia siku ya pili, mchana, wakati wa kushuka. Mtoto aliyepanda jana akiimba, leo anakaa chini kila baada ya mita 50, na mzazi mwenye begi la kilo 15 mgongoni hawezi kumbeba. Lawama si ya miguu ya mtoto. Kambi iliwekwa mbali mno.

Safari ya kwanza, lala mahali ambapo ni mwendo wa saa moja na nusu, usiozidi saa mbili, kutoka barabara inapofika gari. Simikeni hema, mtu mzima mmoja abaki na mizigo, wengine mpande kilele mkiwa na maji, karanga na masweta tu. Mlima ni uleule, ila mgongo mtupu. Na mtoto akishikwa na homa usiku, barabara haiko mbali.

Kwa anayetokea Kigoma mjini, milima ya upande wa Manyovu inafaa kuanzia. Kuna lami kutoka Mwandiga, vijiji havijaachana sana, na njia za mashambani ni nyingi. Wingi huo ndio unaopoteza watu: kila njia panda inaelekea shamba la mtu, kwa hiyo tafuteni kijana wa hapohapo awaongoze, na malipo mpatane kabla ya kuondoka. Gombe na Mahale ziacheni kwanza. Ni hifadhi za taifa, kuna viingilio na mwongozaji wa lazima, na kuwafuatilia sokwe kuna umri wa chini. Mwenye mafua haruhusiwi kabisa, kwa kuwa sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Kilele cha Nkungwe kule Mahale kina mita 2,462, kitawangoja.

Kabla ya kusimika chochote, pitieni kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Huku ni mpakani. Wageni wenye hema wasiojulikana huzua maswali, na maswali hayo huja saa nne usiku mtoto akiwa amelala. Bebeni vitambulisho vya taifa na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hasa kama mtoto ni wa ndugu na jina la ukoo halifanani na lenu.

Nendeni kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika. Mtoto wa miaka 7 au 8 mhesabieni kilomita 2 kwa saa penye kupanda, na mapumziko ya dakika 10 kila baada ya dakika 40. Jua la Kigoma huchomoza na kuzama kama dakika 40 baada ya la Dar es Salaam, kwa hiyo giza huingia kama saa moja jioni. Lisiwadanganye: saa kumi hema liwe limesimama.

Mzigo wa mtoto usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mwenye kilo 25 abebe kilo 2 na nusu: maji nusu lita, sweta, tochi, kandambili, biskuti zake. Begi la shule lenye mikanda myembamba litamkata mabega. Shoneeni vipande vya sponji chini ya mikanda. Raba ziwe zimeshavaliwa wiki mbili kabla. Mtoto akianza kukanyagia upande wa mguu, simameni palepale, mvue soksi. Penye wekundu na joto bandikeni plasta kabla lengelenge halijatoka, maana likishatoka safari imekwisha.

Chakula, watu wa Kigoma tumebarikiwa. Wazazi wawili na mtoto mmoja kwa usiku mmoja: unga wa ugali kilo 1, dagaa wakavu robo kilo, unga wa uji robo kilo, sukari, chumvi, karanga nusu kilo. Dagaa wachambueni na kuwakaanga nyumbani. Mawese yatieni kwenye kopo la mdomo mpana lenye kifuniko cha kuzungusha. Kwenye baridi ya juu mawese huganda, na yakiwa kwenye chupa ya soda mtayatikisa mpaka mchoke bila kupata tone; kwenye kopo mnachota kwa kijiko, tena hayamwagiki njiani. Mtungi wa gesi wa nyumbani uacheni, chuma chake ni kizito kuliko gesi yenyewe. Mkaa kilo 1 na nusu na jiko dogo la bati vinatosha.

Maji ya kijito yachemsheni mpaka yatokote dakika nzima, hata kama yanang'aa. Huko juu kuna mtu anafua.

Kiangazi kina adui mmoja ambaye orodha nyingi humsahau: upupu. Maganda yake ya kahawia hukauka miezi hiyohiyo, na upepo mdogo tu hupeperusha vinyweleo vyake. Mtoto asiachwe kuvuta mimea inayotambaa pembeni mwa njia. Ukimpata, mshikeni mikono asikune, kwani kukuna hukandamiza vinyweleo ngozini. Bandikeni selotepu na kuibandua, kipande kipya kila mara. Ikikosekana, gongagongeni kwa donge la ugali uliopoa. Nguo alizovaa zifungeni kwenye mfuko na zisiingie hemani.

Hema lisisimikwe kwenye nyasi ndefu zilizokauka, sababu moto wa kuchoma mashamba hukimbia kuliko mtoto. Usiku, baridi kubwa hutoka ardhini: blanketi mbili juu bila kitu chini ni kazi bure. Tandikeni turubai, mkeka, kisha sponji ya sentimita 3, mtoto alale katikati yenu na soksi kavu ambazo hazikutembelewa mchana.

Asubuhi yake msipande tena, hata mtoto akiomba. Kunyweni uji, mvunje kambi saa tatu, na saa tano muwe barabarani mkisubiri Hiace.