Muulize Fundi: Katriji ya 6.25 inajaa ikifika 2.27

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mtunza seva katika ofisi ndogo, na bakapu zetu tunaziweka kwenye tepu za sumaku za LTO-6 (kizazi cha sita cha aina hiyo). Juu ya katriji pameandikwa 2.5 TB, na chini yake 6.25 TB. Hiyo 6.25 sijawahi kuiona kwa macho yangu, lakini kwa miaka miwili katriji moja ilikuwa inabeba kama 4 na kazi ya usiku inaisha kabla ya alfajiri. Tangu miezi mitatu iliyopita programu inaniambia tepu imejaa ikifika 2.27, kila wiki, yaani hata ile 2.5 ya haki yake haiifikii. Nimenunua katriji mpya, nimepitisha ya kusafishia mara nne, nimebadilisha kebo. Programu tuliipandisha toleo jipya, mkaguzi naye akatutaka tuwashe usimbaji (kuificha data isisomeke bila ufunguo), lakini hilo halihusiani. Mkubwa wangu anataka tununue draivu nyingine. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mjibu asubiri. Barua yako niliisoma mara mbili, na ya pili nikacheka peke yangu, kwa sababu ugonjwa umeutaja mwenyewe kisha ukaufukuza kwa maneno matatu: lakini hilo halihusiani.

Tuanze na hiyo 2.27, maana ndiyo iliyoniambia kila kitu. Mtengenezaji wa katriji anahesabu terabaiti moja kuwa 1 na sifuri 12 nyuma yake. Programu nyingi za bakapu zinahesabu 1,024 mara 1,024 mara 1,024 mara 1,024. Chukua kikokotoo, gawa 2,500,000,000,000 kwa hesabu hiyo ya pili. Unaona? 2.27. Katriji yako haijapungukiwa na kitu. Imejaa pale pale inapotakiwa kujaa ikiwa hakuna hata baiti moja iliyobanwa, yaani iliyofupishwa ili ichukue nafasi ndogo.

Ingekuwa kichwa cha draivu, kinachoandika na kusoma utepe, kimechafuka au utepe umechakaa, usingepata namba iliyotulia namna hii. Draivu ya LTO husoma papo hapo kile inachokiandika, na ikikuta kasoro hukiandika tena mbele kidogo. Nafasi inaliwa hivyo, lakini inaliwa ovyo: wiki hii 2.1, wiki ijayo 1.9. Kwa hiyo ile katriji ya kusafishia iweke kabatini hadi draivu yenyewe iiombe. Inakwangua kichwa, haikipaki mafuta.

Na ile 4 yako ya zamani usiidharau. Igawe kwa 2.27, unapata kama 1.76 kwa 1, ambayo kwa data ya ofisi iliyochanganyika ni afya njema. Hiyo 6.25 ya kwenye boksi inatokana na kudhani kila data itabanwa 2.5 kwa 1. Kabla ya LTO-6 walikuwa wanadhani 2 kwa 1; kizazi cha 6 kikaongezewa bafa, yaani kumbukumbu ya muda, ya kukumbuka data iliyotangulia, na matangazo nayo yakapanda. Mimi nikinunua katriji nasoma namba ndogo tu.

Sasa usimbaji. Draivu inabana kwa mtindo uliotokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka 1977. Inatazama nyuma, ikikuta mfululizo wa herufi uliokwishapita haiuandiki tena, inaandika "rudi hatua kadhaa, chukua herufi kadhaa." Inaishi kwa marudio. Kazi ya usimbaji ni kuyafuta marudio hayo yasionekane kabisa. Data iliyosimbwa vizuri huwezi kuitofautisha na kelele. Programu yako inasimba kwanza, kisha inaipa draivu kelele na kuitaka iibane. Draivu ya LTO si mjinga, ikiona hakuna cha kubana huipitisha data ilivyo. Ndiyo maana umesimama kwenye 2.27 bila kushuka zaidi.

Usinisadiki kwa maneno. Weka katriji TUPU (narudia, tupu, maana jaribio hili linafuta), kisha kwa amri ya dd andika gigabaiti 20 za sifuri tupu kutoka /dev/zero (chanzo cha sifuri kisichoisha kwenye Linux), bloku za kilobaiti 256. LTO-6 isipobana inaandika megabaiti 160 kwa sekunde, hivyo utangoja dakika mbili na ushee. Ikibana, sifuri zinamezwa kwa kasi ya kebo na seva, na unaweza kumaliza chini ya dakika moja. Ikichukua dakika mbili, basi kubana kumezimwa kwenye draivu yenyewe: endesha amri ya tapeinfo inayoonyesha hali ya draivu, tafuta mstari wa DataCompEnabled. Ikimaliza haraka, draivu ni nzima na mkubwa wako abaki na hela zake.

Mimi nina haki ya kukucheka kwa sababu nilifanya vibaya kuliko wewe. Zamani nilimrudishia muuzaji draivu mbili, moja baada ya nyingine, nikiapa kwamba hazibani. Ya tatu ilipofika nayo ikagoma, ndipo nikafungua folda na kutazama faili zenyewe. Picha za skana, JPEG tupu, ambazo zimekwisha kubanwa, na mwenzangu alikuwa ameweka skripti ya kuzifunga kwenye zip, yaani kuzibana tena, kila usiku. Muuzaji hakunidai chochote, ila tangu siku hiyo akinisalimia ananiuliza hali ya zip. Siku hizi, kabla ya kugusa draivu, nachukua faili kadhaa na kuzipitisha kwenye gzip, programu ya kubana faili. Isipopunguza kitu, tepu nayo haitapunguza. Hata faili za docx na xlsx ni zip ndani, watu husahau.

Dawa yako: zima usimbaji kwenye programu, uwashe kwenye draivu. Tangu LTO-4 draivu zenye uwezo huo zinasimba zenyewe kwa AES (kanuni ya usimbaji) ya biti 256, na zinabana kwanza ndipo zisimbe. Mkaguzi atapata anachotaka, na wewe utarudi kwenye 4. Hakikisha programu yako inaweza kuikabidhi draivu ufunguo. Baadhi ya maktaba za tepu (mashine zinazobadilisha katriji zenyewe) hudai leseni kwa hilo. Isipowezekana, iache programu isimbe, lakini iambie ibane kabla ya kusimba, uone kama seva inahimili.

Ufunguo mpya uhifadhi mahali pawili, na popote pasiwe ndani ya bakapu hiyo hiyo. Ule wa zamani usiutupe: tepu za miezi mitatu hii hazifunguki bila huo.

SWALI: Nimewasha kubana kwenye programu na kwenye draivu pia, ili data ibanwe mara mbili. Mbona haiongezeki kitu?

JIBU: Nguo uliyokwisha kuikamua, ukiikamua tena inatoa maji gani? Chagua upande mmoja. Kama mtandao kati ya mashine zako na seva ya bakapu ni mwembamba, bana kwenye programu, tena kule data inakotoka. Kama mtandao ni mpana na seva ndiyo inayohema, iachie draivu. Na ukibana kwenye programu sikiliza tepu: ikiwa inasimama, inarudi nyuma kidogo, kisha inaondoka tena, data inaifikia polepole mno hata baada ya draivu kupunguza mwendo hadi mwisho wake. Hapo zima kwenye programu.