Bilioni za skimu yetu ziko wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa chama cha wamwagiliaji huku Mbarali. Tumeletewa fomu yenye kipengele "thamani ya uzalishaji wa skimu kwa mwaka". Nimepiga hesabu: eka 600, gunia 25 kwa eka, gunia Sh 80,000, jumla Sh bilioni 1.2. Nilipoisoma mkutanoni watu waliangua kicheko, na mama mmoja akauliza hizo bilioni amekabidhiwa nani. Nijaze nini?
Katibu, Mbarali

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mama ndiye mchumi wenu, mpeni kiti cha mbele. Bilioni 1.2 ni bei ya mpunga wote kabla hata mwenye pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mkono, hajadai chake. Kama fomu inataka mauzo ghafi, iandike, na useme wazi kuwa ni ghafi. Ila kama wanataka kujua maji ya mfereji yamewaongezea nini, hesabu ni nyingine kabisa.

Anza na hizo eka 600. Ni za kwenye ramani au ni zilizovunwa? Nimekuwa bwana shamba Usangu miaka mingi, na sijaona skimu ambayo wa karibu na banio, pale maji yanapochepushwa mtoni, na wa mkiani wanavuna sawa. Gawa skimu mafungu matatu, juu, kati na chini, kisha kila fungu chagua majaruba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa matuta, kwa kura, usije ukachagua yaliyostawi tu. Pima mraba wa mita 5 kwa 5, vuna humo peke yake, pura, anika mpaka punje ikauke, ndipo upeleke kwenye mizani. Eka ni mita za mraba 4,047 hivi, kwa hiyo kilo 15 kwenye mraba ni kama kilo 2,400 kwa eka. Kuhesabu magunia hakutoshi: lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, nayo huitwa gunia, na mnunuzi anaijua tofauti kuliko ninyi.

Bei weka ile ya shambani wakati wa mavuno. Aliyeweka mpunga stoo hadi Februari akauza kwa bei nzuri, ile nyongeza ni faida ya stoo. Aliyekoboa akauza mchele, nyongeza ni ya mashine. Na mpunga unaoliwa nyumbani uhesabiwe kwa bei hiyohiyo, wengi huusahau kana kwamba ubwabwa wa watoto umetoka mbinguni.

Sasa gharama. Nakupa mfano, tarakimu zenu mtaweka wenyewe. Eka moja ya mfereji imetoa Sh 2,000,000. Kulima na kuvuruga, kitalu, kupandikiza, mbolea mfuko mmoja wa DAP na miwili ya Urea, palizi, kuamia ndege, kuvuna, magunia, usafiri na ada ya maji, tuseme Sh 970,000. Imebaki 1,030,000. Halafu nenda kwa jirani anayelima mpunga wa mvua, udongo uleule, nje ya skimu. Huyo kapata gunia 9, yaani 720,000, katumia 420,000, kabakiwa na 300,000. Maji yameongeza 730,000, si 1,030,000 yote, kwa sababu hata bila mfereji eka ile isingekaa bure. Toa pia nguvu ya familia: kama eka ya mfereji imekula siku 25 zaidi za baba, mama na vijana, na kibarua hapo kijijini ni Sh 6,000, ondoa 150,000. Inabaki 580,000. Mkikuta zilizovunwa ni eka 480, jumla ni Sh milioni 278 na ushee, na bado hamjagusa saruji ya banio wala kuzibua mifereji.

Ukitaka kujihakiki bila kalamu, uliza kodi ya shamba. Jaruba la mfereji linakodishwa bei gani kwa msimu, na eka ya mvua ng'ambo ya barabara bei gani? Tofauti hiyo wakulima wameshaipima kwa pesa zao. Ikiwa ndogo mno kuliko hesabu yako, rudi ukague gharama, na usisahau hofu ya mtu anayeogopa zamu ya maji kumpita, maana nayo hushusha kodi.

Kicheko cha mkutanoni kina sababu nyingine pia. Wengi waliuza mpunga ungali shambani, kwa bei ya mkopeshaji. Hilo halipunguzi thamani ya skimu, linabadilisha mfuko inakoingia. Kwa hiyo chini ya jumla ongeza mstari mmoja wa mlichobaki nacho baada ya madeni.

Kuna mstari ambao fomu yenu pengine haina: wanachokosa walio chini ya mto. Maji mnayoyachepusha yangeshuka kwenye ardhioevu ya Ihefu, yakapita Hifadhi ya Ruaha, yakafika bwawa la Mtera yazungushe mitambo ya umeme ya megawati 80, kisha Kidatu megawati 204. Tangu miaka ya 1990 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Machi mto umejaa, na maji ya jaruba hayamnyimi mtu kitu kikubwa. Oktoba ni habari nyingine, kwa hiyo mahindi na maharage ya kiangazi yapigie hesabu yake peke yake, na uandike mlifunga banio mwezi gani.