Tiketi hii ni ya nani? Kwa vijana wa fildi mnaojenga mifumo ya huduma kwa wateja

Kila kundi la fildi linalopita kwetu hapa Tabora linarudia kosa lilelile, la kumwacha mteja afungue tiketi (yaani kumbukumbu ya lalamiko) ya mteja mwingine, nami nakereka upya, maana nawapenda na najua mnaweza. Someni kabla hamjanionyesha mfumo.

1. Nambari ya tiketi haimzuii mtu. Tiketi 1041 ikifunguka, mtu atajaribu 1042. Kijana mmoja aliniletea mfumo wa malalamiko, mzuri wa macho. Nikamwomba aingie kama mteja wa Isevya, kisha abadilishe tarakimu moja kwenye anwani ya ukurasa. Ikafunguka tiketi ya mteja wa Ipuli: simu, picha ya risiti, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), ambayo tarakimu zake 8 za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. "Lakini kaka, kwenye orodha yake haionekani!" Ndiyo, orodha aliichuja. Ukurasa wa tiketi yenyewe ulikuwa unauliza kama umeingia tu, haukuuliza kama tiketi ni yako. Swali hilo la pili lazima seva iliulize kwa kila ombi. Tukakaa, tukarekebisha: hifadhidata itafute nambari ya tiketi pamoja na mwenye tiketi, asipolingana apewe 404, yaani jibu la "haipo". Akafurahi, akaanza kufunga kompyuta. Nikamwambia atoke kwenye akaunti, afungue linki ya ile risiti. Ikafunguka! Viambatisho vyote vilikuwa kwenye folda ya wazi. Na kitufe cha kufunga tiketi, alichowaficha wateja, ombi lake likitumwa moja kwa moja seva ililipokea bila swali. Jioni nzima ikaishia hapo.

2. Nambari ndefu zisizobashirika zinasaidia, ila ruhusa ikaguliwe vilevile.

3. Barua pepe msiisahau. Mwaka 2024 ilifichuliwa kasoro ya Zendesk, mfumo wa huduma kwa wateja unaotumiwa na kampuni nyingi: anwani za barua pepe za tiketi zilibashirika, na aliyewekwa kwenye nakala (CC) alipata haki ya kusoma. Aliyeghushi barua ya mwenye tiketi na kujiongeza kwenye nakala alisoma mazungumzo yote. Kampuni kubwa hiyo, ninyi je?

4. Pimeni kwa akaunti mbili za wateja, na mara ya tatu bila akaunti.

5. OWASP, taasisi ya usalama wa programu, mwaka 2021 kwenye orodha yao ya hatari 10 kubwa za programu za wavuti waliupandisha udhibiti mbovu wa ruhusa kutoka nafasi ya 5 hadi ya 1, kwa hiyo nikiwarudisha mara tatu msinune. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi nayo inatumika tangu Mei 2023.

6. Msiende kubadilisha nambari kwenye mifumo ya watu bila kibali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inawahusu hata mkisema mlikuwa mnajifunza. Wekeni osTicket, programu ya tiketi, kwenye kompyuta zenu, ni ya bure, mfanyie majaribio hapo. Mkikwama njooni, nipo ofisini mpaka saa kumi.