Neva imejibu, lakini mtoto je?

Mwanangu alipandikizwa kifaa cha kusikia mwaka 2014, akiwa na mwaka mmoja na miezi minane. Tulikwenda India, maana hapa nyumbani hospitali za umma zilikuwa hazijaanza upasuaji huo. Muhimbili walianza 2017. Mtoto akiwa bado kwenye nusu kaputi, mtaalamu wa usikivu alitufuata kwenye benchi na karatasi yenye vijiwimbi, akasema neva, mishipa ya fahamu ya kusikia, zinajibu vizuri. Baba yake alilia. Mimi nikapiga simu Tanga: mtoto anasikia!

Alikuwa hasikii. Kifaa kiliwashwa wiki nne baadaye, na hata siku hiyo alichofanya ni kushtuka na kunikumbatia. Wazazi wengi wanaonipigia wamefanya kosa langu hilohilo, ndiyo maana naandika.

Kile kipimo wataalamu wengi wanakiita NRT, yaani kupima jibu la neva, ingawa kila kampuni ina jina lake. Ndani ya koklea, lile konokono la sikio la ndani, kumelazwa waya mwembamba wenye elektrodi, vituo vidogo vya kutoa umeme; cha mwanangu kina 22. Elektrodi moja inaipiga neva umeme kidogo, jirani yake inatega sikio. Neva ikishtuka, nayo hutoa umeme wake, katika muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Umeme huo huwa makumi au mamia ya maikrovolti, na maikrovolti moja ni volti moja igawanywe mara milioni. Tatizo ni kwamba pigo lenyewe ni kubwa mno kuliko jibu, kama kutaka kumsikia mtu anayenong'ona chini ya spika ya msikiti wakati wa adhana. Dawa yake ni ya ujanja: kompyuta inapiga mapigo mawili ya harakaharaka. Neva ikishajibu la kwanza inahitaji kupumzika kitambo, kwa hiyo la pili hailijibu. Hapo kompyuta inapata picha ya kelele tupu ya pigo, inaitoa kwenye ile yenye kelele na jibu, kinachobaki ni neva. Nilipoelezwa haya nilikaa kimya. Nilisoma fizikia hadi kidato cha nne tu, lakini hili lilinifurahisha.

Sasa angalia: kipimo hakihitaji mtoto awe macho wala aseme lolote. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hiyo ni neema. Lakini kinachojibu ni neva tu. Safari ya kutoka pale hadi kwenye ubongo, hadi mtoto ajue kwamba ile sauti ni jina lake, kipimo hakiioni.

Tuliporudi Dar, kituo kimoja kilichukua namba za NRT kikaseti kifaa kwazo moja kwa moja, bila kumwangalia mtoto. Jioni ile alianza kung'oa koili, kile kisahani cha nje kinachonata kichwani kwa sumaku. Kila nikiivalisha anaipiga teke. Nilidhani ni utundu, na aibu yangu ni kwamba nilimchapa. Ilichukua karibu miezi miwili hadi mtaalamu mwingine akatuambia sauti iliwekwa juu kupita anachoweza kuvumilia. Namba ya neva inampa mtaalamu pa kuanzia. Kiwango cha sauti kinachomfaa mtoto kinaweza kuwa mbali nayo. Mtoto wako akipepesa jicho, akikunja uso au akikataa kifaa siku ileile kilipobadilishwa, usimlazimishe. Rudi.

Vifaa vinavyowekwa mgongoni kwa ajili ya maumivu, baadhi yake siku hizi hupima jibu la uti wa mgongo baada ya kila pigo na kujirekebisha vyenyewe, hata mgonjwa akikohoa. Cha mwanangu hakina hayo. Anayekirekebisha ni binadamu aliyekaa mbele ya kompyuta, naye anahitaji macho yako.

Upande wa pili: mama mmoja alinipigia usiku akilia kwamba elektrodi kadhaa za mwanawe hazikuonyesha jibu. Kukosa wimbi hakumaanishi mtoto hatasikia. Huenda koklea iliumbika tofauti, au homa ya uti wa mgongo iliacha mfupa umeota ndani, au ni kiputo cha hewa tu siku ya upasuaji. Wapo wasioonyesha wimbi lolote na bado wanasikia kifaa kikiwashwa. Uliza ukinzani wa elektrodi hizo, yaani zinavyozuia umeme kupita, ukoje, na lini watarudia kupima. Na omba nakala. Mimi nina faili la kila kipimo tangu 2014, kwa sababu mitambo hubadilishwa na wataalamu huhama, na mara mbili faili hilo ndilo lililotuokoa kuanza upya.

Alipofika miaka saba alianza kusema mwenyewe anachohisi. Siku moja dada wa vipimo alikuwa anazipitia elektrodi moja moja, akafika ya 13. Kwenye karatasi wimbi lake lilikuwa zuri kuliko yote. Mtoto akashika shavu: "Mama, hii inanivuta jicho." Umeme ulikuwa unavuja hadi kwenye neva ya uso. Wakaizima ile moja, na jioni alilala na kifaa kichwani.