Chama Kinachoshinda Kila Mara: Anza na Kura, Viti Baadaye

Chama kimoja kikishinda kila uchaguzi, usikimbilie kusema demokrasia imekufa, wala usihitimishe kwamba wananchi wanakipenda mno. Tafuta matokeo ya chaguzi tatu zilizofuatana, kisha linganisha asilimia ya kura na asilimia ya viti.

Botswana inafaa kuanzia. Chama cha BDP kilitawala tangu uhuru wa mwaka 1966. Mwaka 2014 ilipata kama asilimia 46.5 ya kura, ikaondoka na viti 37 kati ya 57, sawa na asilimia 65. Walioikataa walikuwa wengi kuliko walioichagua, ila kura zao zilitawanyika: BCP, chama cha upinzani, ilipigiwa na mtu mmoja kati ya watano, ikaambulia viti 3. Anayeongoza jimboni huchukua kiti, hata akiwa chini ya nusu ya kura; wengine hawapati kitu. Mwaka 2024 mfumo uleule ukaigeukia BDP: asilimia 30 hivi ya kura, viti 4 kati ya 61. UDC, muungano wa upinzani ulioingia madarakani, ilikuwa na asilimia 37 tu, lakini viti 36. Anayesoma viti peke yake atadhani nchi nzima iligeuka kwa usiku mmoja.

Afrika Kusini viti hufuata kura. Chama tawala, ANC, kilipata asilimia 57.5 na viti 230 kati ya 400 mwaka 2019. Mwaka 2024 ikashuka hadi asilimia 40 na viti 159, ikalazimika kutafuta washirika. Kule, wingi wa bungeni ulikuwa wingi wa watu kweli.

Baada ya hapo fuatilia mchujo wa wagombea ndani ya chama. Panapokuwa na chama dola, yaani chama kilichoshikamana na serikali, uchaguzi wa kwanza ndio huo, na anayekatwa jina anaweza kuitikisa nchi kuliko ilani yoyote ya upinzani. Tanzania, CCM ilimkata Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetaka kugombea urais, Dodoma Julai 2015; akahamia CHADEMA, na Oktoba akapata karibu asilimia 40 ya kura za urais.

Hesabu hizi zina sharti moja: washindani wawe kwenye karatasi ya kura. Oktoba 2025 CHADEMA haikuruhusiwa kushiriki, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini, na mgombea urais wa ACT-Wazalendo, chama kingine cha upinzani, alienguliwa. Asilimia karibu 98 alizotangaziwa Rais Samia Suluhu Hassan usiziweke safu moja na zile za Botswana. Hapo acha kura, kagua walioenguliwa: nani, kwa kifungu gani, na tume ilijibu nini rufaa zao.